Picha Tatu za Mlango Mmoja: Breketi kwenye Kamera Ndogo

Nikiwa ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar, mlango ukiwa wazi, picha inaonyesha nje kweupe pe au ndani giza totoro. Kamera yangu ni mbovu?

Hapana, sensa yake ni ndogo tu. Kamera nyingi za mfukoni zina sensa yenye upana wa milimita 6 hivi, nayo haihimili jua la uchochoroni na kiza cha dakani kwa mpigo mmoja. Tafuta breketi, yaani AEB au BKT, kwenye menyu. Ukiwasha, kamera hupiga picha tatu: moja kwa kipimo chake, moja yenye mwanga pungufu, moja yenye mwanga wa ziada. Hatua hizo hupimwa kwa EV, na kila EV 1 huongeza mwanga maradufu au huupunguza nusu. Kwa anga yenye mawingu, theluthi mbili za EV hutosha. Kwa mlango wako nenda EV 2 kila upande, bila woga.

Kama kamera ina hali ya A, inayoshikilia tundu la lenzi ulilochagua, itumie na ufunge ISO, ili ibadilike kasi ya shata peke yake. Tundu la lenzi likibadilika, kina cha fokasi hubadilika pia na picha hazitaoana.

Na flashi?

Zima. Kwenye kamera nyingi ikiwaka, breketi haifanyi kazi.

Picha tatu nizifanyie nini?

Mara nyingi moja itajitosheleza, futa nyingine. La sivyo, ziunganishe. Enfuse, programu ya bure, huchukua sehemu iliyopata mwanga mzuri katika kila picha. Mbinu yenyewe ni ya zamani: miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alichapa picha za bahari kwa negativu mbili, ya anga na ya maji. Ili picha zako zioane, kamera isitikisike unapozipiga. Kama huna stendi, ilaze barazani na uweke saa ya sekunde 2. Mpita njia akikatiza, rudia.

Breketi ya fokasi je?

Hiyo hupiga picha kadhaa, kila moja ikiwa na fokasi umbali tofauti. Wengi huitumia pasipostahili. Sensa ndogo tayari hutoa fokasi ya kina kirefu, kwa hiyo mandhari haiihitaji. Kazi yake ni vitu vya karibu sana kama pete, sarafu au mdudu, ambapo fokasi hubaki milimita chache. Usikimbilie kubana tundu hadi f/8: mwanga hupinda ukipita kwenye tundu jembamba, na picha nzima hulegea. Olympus Tough TG-4 ya 2015 husogeza fokasi yenyewe picha kwa picha, na inaweza hata kuziunganisha. Kamera nyingine husogeza fokasi kwenda mbali tu, basi lenga kwanza sehemu iliyo karibu nawe zaidi. Mdudu mpige alfajiri, kabla hajapata joto la kuruka. Ua linalopeperushwa na upepo liache.