ULIMI NA KIFUA: Jinsi ya Kujiandaa kwa Mahojiano ya Kazi ya Karani wa Hospitali

Barua ya kuomba kazi sote tumefundishwa darasani. Anwani mbili, mtajo, kiini, hitimisho, sahihi. Lakini je, barua ikikubaliwa? Unaitwa. Unaketi mbele ya watu watatu au wanne usiowajua, na kalamu huna tena, una mdomo wako tu. Hapo ndipo wengi hukwama.

Nimechagua kazi moja tu ili tusitangetange: karani wa mapokezi au wa rekodi katika hospitali, kituo cha afya au kliniki. Ukituuliza sisi wa kidato cha tatu tunataka kuwa nani, nusu ya darasa itasema daktari. Sawa, lakini mgonjwa akifika hospitalini hakutani na daktari kwanza. Hukutana na mtu wa dirishani. Akijibiwa vibaya pale, wengine hurudi nyumbani na ugonjwa wao. Kwa hivyo kazi hii si ndogo hata kama mshahara wake ni mdogo.

Nitakayoyasema yote yanarudi kwa mambo mawili: ulimi wa kuzungumza na watu, na kifua cha kuweka siri. Hayo ndiyo jopo linatafuta.

1. Ijue kazi kabla ya kuiomba

Karani wa mapokezi husalimu, huuliza jina, umri, makao, namba ya simu na jamaa wa karibu. Huandika kwa rejista au kompyuta, hutoa kadi na kumwelekeza mgonjwa chumba kinachomfaa. Karani wa rekodi hutoa faili, huzirudisha mahali pake na kuhakikisha hazipotei.

Msichanganye karani na afisa wa rekodi za afya. Afisa amesomea. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, ambacho mwanzo wake ni mwaka wa 1927, hufundisha kozi hiyo kwa ngazi ya cheti na stashahada, na tangu 2016 kuna sheria inayosimamia taaluma yenyewe. Ukiwa na cheti cha kidato cha nne peke yake, omba kazi ya mapokezi au ya msaidizi, au nenda ukasome kwanza. Usijiite afisa. Jopo litakuuliza maswali mawili tu na utaumbuka.

Pia ujue ni nani anayeajiri. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka wa 2013, hospitali kama ya Rufaa pale Kajiado mjini na ile ya Kaunti Ndogo hapa Kitengela ziko chini ya kaunti. Nafasi zake hupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Kliniki za watu binafsi na za makanisa huajiri zenyewe.

Jambo jingine ni bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua mahali pa NHIF iliyokuwako tangu 1966. Ukiulizwa mgonjwa analipiwa na bima gani ya serikali ukajibu NHIF, watajua ulikuwa umelala.

2. Karatasi zako

Beba kitambulisho, vyeti vya shule, namba ya PIN ya kodi, tawasifukazi (ile tunayoiita sivii), na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa idara ya upelelezi, DCI, ikiwa umeagizwa. Beba zile halisi pamoja na nakala. Zipange kwa faili moja kwa utaratibu ulioandikwa kwenye barua ya mwaliko. Fikiria mtu anaomba kazi ya kupanga faili za watu, halafu anatoa cheti chake kimekunjwa mara nne kutoka mfukoni! Huyo ameshajibu kabla hajaulizwa.

3. Kazi hainunuliwi

Hapa nitasema wazi. Jirani yetu mmoja aliuza mbuzi watatu ili kumpa pesa mtu aliyedai anajuana na wakubwa. Kijana wake akaambiwa angoje simu. Simu haikupigwa mpaka leo, na namba ya yule mtu haipatikani. Mbuzi wameenda na kazi haipo.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka nafasi za kaunti zitangazwe hadharani ili watu wengi wazione. Na Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, wote wawili. Basi ukiambiwa utoe "kitu kidogo" ndipo jina lako lifike kwa orodha, jua huyo anafanya biashara ya njaa yako. Tafuta tangazo lenyewe, ulisome, uulize ofisini.

4. Siku yenyewe

Kama mahojiano ni Kajiado saa mbili, usitoke Kitengela saa moja. Ile barabara ya Namanga ina malori, matatu husimama Isinya kuteremsha na kupakia, na pengine hukaa steji ikingoja kujaa. Ondoka alfajiri. Afadhali ungoje nje saa nzima kuliko kuingia unahema.

Mavazi yawe safi na ya heshima. Si lazima yawe mapya. Shati la kuazima lililopigwa pasi linatosha. Kucha fupi, viatu vilivyofutwa vumbi (na vumbi letu mnalijua). Zima simu. Msalimu askari wa langoni kama utakavyomsalimu mwenyekiti wa jopo, kwa sababu ukipata kazi utakutana naye kila siku.

5. Mfano wa mahojiano

MWENYEKITI: Karibu, keti. Tueleze habari zako kwa ufupi.

MWOMBAJI: Asante, Bi. Mwenyekiti. Nilimaliza kidato cha nne mwaka juzi hapa Kitengela. Tangu hapo nimemsaidia shangazi dukani, naandika bidhaa zinazoingia na zinazotoka, na jioni nimejifunza kompyuta. Nimeomba kazi hii kwa sababu nimezoea kuandika kwa uangalifu, na watu siwachoki.

MHOJAJI WA PILI: Nyanya amefika dirishani. Anajua Kimaasai tu, na wewe hukijui. Utafanyaje?

MWOMBAJI: Nitamsalimu kwanza na kumpa kiti. Halafu nitamwita mfanyakazi mwenzangu anayejua lugha hiyo. Sitaita mtu yeyote kutoka kwa foleni aje kutafsiri, maana ugonjwa wa nyanya ni wake mwenyewe.

MHOJAJI WA TATU: Wagonjwa wawili wana jina moja na umri mmoja. Utajuaje faili ya nani ni ipi?

MWOMBAJI: Nitatazama namba ya mgonjwa, kisha kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na makao. Nikibaki na shaka sitabahatisha, nitamwuliza mkubwa wangu. Faili ikienda kwa mtu mwingine, dawa nazo zinaweza kwenda kwa mtu mwingine.

MHOJAJI WA PILI: Mzee ametoka Isinya alfajiri, saa hii ni saa sita na hajaonwa. Anakupigia kelele.

MWOMBAJI: Nitamwacha amalize. Nitamwambia, "Pole mzee, umengoja sana." Kisha nitaangalia ni wa ngapi kwa foleni na kumwambia ukweli. Siwezi kumpitisha mbele ya wengine ila nikiona hali yake ni mbaya. Hapo nitamwita nesi mara moja.

MWENYEKITI: Una swali kwetu?

MWOMBAJI: Ndiyo. Karani mpya hufundishwa kazi na nani siku za kwanza? Na je, kuna zamu ya usiku?

Mmeona? Hakuna Kiswahili cha kujionyesha pale, wala hakuna kujisifu. Kila jibu lina tendo ndani yake: nitasalimu, nitatazama, nitauliza. Mwombaji anayesema "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye bidii" hajasema kitu, kwa sababu hata mvivu atasema hayo hayo. Toa mfano. Na kama hujui programu ya kompyuta wanayotumia, sema hujui na uko tayari kufunzwa. Uongo wa hapo utadumu mpaka siku ya kwanza ya kazi tu.

6. Kifua

Sasa tufike kwa lile jambo kubwa. Kuna mama mmoja mtaani kwetu aliyekuwa akienda kliniki fulani kuchukua dawa. Siku moja karani akamwita kwa sauti kutoka dirishani, akauliza kama ni yeye aliyekuja kwa zile dawa za kila mwezi. Foleni nzima ikageuka. Kila mtu akaelewa alivyotaka kuelewa. Tangu siku hiyo mama yule huenda kuchukulia dawa mji mwingine ambako hajulikani, na akikosa nauli hukaa bila dawa. Karani hakumpiga wala hakumtukana. Alipaza sauti tu.

Ndiyo maana jopo litakupima kifua chako. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya mwaka wa 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kutoboa hali ya mtu pasipo ruhusa yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa habari nyeti kabisa. Huhitaji kukariri vifungu, lakini ujue kwamba siri ya mgonjwa ni sheria, si adabu peke yake.

Swali linalopendwa ni kama hili: "Rafiki yako anataka kujua kama mpenzi wake alikuja kliniki jana. Utamwambia nini?" Wengi hujibu, "Kama hakuja nitasema hakuja." Fikiri tena. Leo ukisema "hakuja", na kesho ukisema "siwezi kusema", si umeshamwambia? Jibu lililo salama ni moja siku zote: "Sisemi aliyekuja wala asiyekuja." Hata akiuliza mama yako mzazi.

Zoezi

(a) Panga majina haya kialfabeti kama faili kabatini: Mutuku, Nasieku, Mueni, Mutua, Naserian, Muthoka, Nashipae.
(b) Mpigie mwenzako mfano wa simu ya mapokezi. Mwambie siku ya kliniki bila kutaja ugonjwa.
(c) Jieleze kwa dakika moja bila kutumia neno "mchapakazi".

Majibu ya (a): Mueni, Muthoka, Mutua, Mutuku, Naserian, Nashipae, Nasieku.

Ndugu msomaji, wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Chama chetu cha Kiswahili kinatufunza hayo maneno mazuri kila juma. Mimi naongeza kwamba dirishani pa hospitali yanatakiwa maneno mazuri ya kumkaribisha mgonjwa, na kimya kizuri baada ya yeye kuondoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anza kujiandaa sasa, usingoje barua ya mwaliko. Nawatakia kila la heri.