Kabla Hujautoboa Paa Mkonga Wako

Wadogo zangu, msimu wa wageni wa mlima ukikaribia, barua zenu zinakuwa za aina moja: gari. Mmoja ameniandikia kutoka Marangu. Ana akiba ya kikoba, mkopo wake wa SACCOS umeshapita, na dalali amemwonyesha Land Cruiser mkonga iliyokuwa ya mradi, eti bei ni ya kutupa. Anataka airefushe bodi, aitoboe paa, abebe watalii. Wa pili yuko Machame. Yeye analo tayari, limemzidi umri mdogo wake wa mwisho, na anauliza alikatie bima ipi. Nawajibu pamoja, maana yule wa kwanza baada ya miezi sita atakuwa na maswali ya huyu wa pili.

Sina ugomvi na gari la zamani, na kwa Land Cruiser ndiyo kabisa. Toyota ilianza kuuza hizi za mfululizo wa 70 mwaka 1984 na mpaka leo inaziunda, kwa hiyo spea hazikauki. Injini ya 1HZ, dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina turbo wala mambo ya kompyuta. Fundi mzoefu anaifungua na kuifunga kwa spana zake. Ninachogombana nacho ni mpangilio wenu wa matumizi. Pesa inaanzia juu: rangi, viti vya ngozi, friji ya maji ya wageni, paa la kufunguka. Chini kunabaki vilevile kama kulivyotoka mnadani. Gari la zamani hutengenezwa kuanzia chini, na chini kabisa, chini hata ya chesesi, kuna karatasi.

Wa Marangu, hebu uliza lile gari lilikuwa na namba gani. Kama zilikuwa za DFP, liliingia nchini kwa msamaha wa kodi kwa sababu lilikuwa la mradi wa wafadhili. Msamaha ule ulipewa mradi, haukupewa gari. Likihamia kwako wewe usiye na msamaha, kodi inadaiwa, na pengine ndiyo maana bei inaonekana ya kutupa. Dalali akikuambia "hiyo ndogo, tutaimalizia mbele ya safari", funga pochi urudi nyumbani. Unataka kuona uthibitisho wa TRA kwamba kodi imelipwa, na kadi ambayo unaweza kuihamishia jina lako sasa hivi, siyo baada ya msimu.

Ukiishika kadi, usiisome jina tu. Ina namba ya chesesi, namba ya injini na rangi ya gari. Futa matope kwa kitambaa, soma namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, linganisha tarakimu kwa tarakimu. Magari haya hubadilishwa injini kama watu wanavyobadilisha simu, na wengi hawaendi kurekebisha kadi. Siku utakayodai bima, mkaguzi wa kampuni ataisoma namba hiyohiyo ambayo wewe hukuisoma.

Halafu kutu. Gari lililoishi Tanga, Dar au Zanzibar limekula chumvi ya bahari, na hata lililotoka Japani moja kwa moja linaweza kuwa limetembea kwenye barabara za theluji zinazomwagiwa chumvi. Ingia chini na bisibisi, gongagonga chesesi pale springi zinapofungwa. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu isikufurahishe. Muulize aliyeipaka alikuwa anafunika nini.

Sasa bima, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mnaponiumiza roho.

Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ni lazima kisheria, na kazi yake ni kuwafidia wengine utakaowadhuru. Gari lako likipinduka kwenye kona ya kuteremka Machame, bima ndogo haikupi hata tairi. Katikati kuna inayoongeza moto na wizi. Bima kubwa ndiyo inayogusa gari lako mwenyewe hata kwa ajali. Kampuni nyingine zinasita kuyapa magari ya umri huo bima kubwa, au zinataka tathmini na picha kwanza. Usikasirike. Tathmini ni rafiki yako, nitakuonyesha.

Mdogo wangu wa Machame ananiambia wakala amemshauri aandike thamani ndogo ili ada ishuke. Hebu tupige hesabu. Gari lina thamani ya milioni 60, wewe umeandika milioni 30. Likapata ajali ya matengenezo ya milioni 10. Unadhani utalipwa 10, kwa kuwa 10 iko ndani ya 30? Kanuni ya wastani inasema umekatia bima nusu ya gari, basi nusu ya hasara ni yako. Unapata 5, na humo bado kinatolewa kile kiasi ambacho mkataba umekutaka ubebe mwenyewe. Kuandika thamani kubwa kupita kiasi nako hakusaidii. Gari likiisha kabisa, kampuni inalipa thamani yake ya siku ile, siyo ndoto yako. Ada ya ziada uliyolipa imekwenda.

Kosa kubwa zaidi ni la matumizi. Mnakata bima ya gari binafsi kwa sababu ni nafuu, halafu asubuhi mnapakia wageni sita na mabegi yao mpaka geti la mlimani la Londorosi. Bima inasimama juu ya ukweli uliousema siku ya kujaza fomu. Ukisema gari ni la familia na ajali ikakuta abiria waliolipa, umeipa kampuni sababu halali ya kukukatalia. Sema kweli: gari ni la biashara, linabeba watalii, lina viti kadhaa. Ndiyo, ada inapanda. Iingize kwenye bei unayowatoza wageni. Wageni hawa wanatoka nchi ambako bima ni kitu cha kwanza kuulizwa.

Lipa kwanza, ondoka na risiti, kisha ingiza namba ya gari lako kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, uone kama bima inasoma. Dakika mbili kwa simu. Wakala anaweza kuwa mtoto wa jirani, mwimba kwaya, mtu wa watu. Wewe angalia tu. Na ukikosana na kampuni kuhusu malipo, usikimbilie kulia redioni. Andika malalamiko kwao kwanza, wakikwama nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Tukishamaliza hayo, twende gereji.

Mjini Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Londorosi uko juu ya mita 2,000. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapungukiwa pumzi; ikitoa moshi mweusi kwenye mlima, fundi wa haraka atakuuzia turbo. Kataa kwanza. 1HZ haikuundwa kwa turbo, na ukiibandika bila kurekebisha mafuta na upoozaji unakaribisha kuchemsha, gasketi na pistoni. Anza na chujio la hewa, nozeli na pampu. Safisha rejeta, badilisha mipira yake yote ya maji. Mkanda wa taimingi ubadilishe hata kama muuzaji anaapa kwamba aliubadilisha juzi, labda awe na risiti.

Kupanda, hata hivyo, siko kunakoua. Kunakoua ni kurudi. Gari lililorefushwa, lenye abiria na mizigo, linashuka kutoka getini kwenye matope ya masika, dereva ameegemea breki njia nzima badala ya kushikwa na gia ndogo. Breki zikipata moto sana zinalegea, na mafuta ya breki ya zamani yaliyonyonya unyevu yanachemka ndani ya mabomba. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya maboresho iende kwenye breki zote nne, mafuta mapya, mabomba mapya. Ya pili kwenye springi, shokapu na bushi. Ya tatu kwenye tairi. Mikanda ya viti kila kiti, iliyofungwa kwenye chuma. Ndipo tuongee habari ya paa.

Kurefusha na kutoboa paa ni kukata mifupa ya gari. Nenda kwa karakana ya Moshi au Arusha yenye magari yanayotembea mbugani miaka sasa, uyaone, uongee na madereva wake wakati bosi hayupo. Uliza kona za paa zimeongezewa chuma gani na chesesi imeunganishwaje. Fundi anayekuambia "usijali" kwa kila swali mwache. Likikamilika, idadi ya viti na bodi vimebadilika: rekebisha kumbukumbu TRA, fanya tathmini mpya, iandikie kampuni ya bima. Usipowaambia, wao bado wanalijua lile gari fupi la zamani.

Jambo la mwisho ni la familia, na najua kwa nini mmeliweka mwisho wa barua. Desemba inakuja, ukoo wote unarudi nyumbani mlimani, na kila binamu atataka gari la kwenda kumchukulia bibi harusi. Mkataba wa bima unasema nani anaruhusiwa kuendesha. Usome kabla ya kutoa ufunguo, na umwambie binamu jibu lako mapema, Novemba, kabla mbege haijapikwa.

Na wewe wa Marangu, unayesema shemeji anataka kadi iandikwe jina lake kwa kuwa "magari ni mambo ya wanaume": mkopo ni wako, marejesho utakatwa wewe, na bima inamfidia mwenye mali. Kadi isome jina lako. Shemeji akitaka kuendesha watalii, mkaribishe vizuri, mpe chai, kisha mwombe leseni tuone kama ina daraja C.