Mapatano ya Ndoa na Riziki ya Nyumba

Swali: Mheshimiwa Mwalimu, mimi na mume wangu tuliukimbia mji wa Palma, Msumbiji, uliposhambuliwa Machi 2021, na sasa tumerejea. Watu husema mapatano ya ndoa ni jambo la moyo tu. Je, hayana faida ya mali?

Jibu: Bibi yangu, yana faida kubwa, nawe waiona kwa macho: mume arudipo alfajiri na ngalawa, mke akawapasua samaki, akawatia chumvi na kuwaanika juani, basi wale ambao wangeoza kabla ya adhuhuri huwa bidhaa ya kuuzwa bara, na fedha zake, zikihesabiwa mbele ya wote wawili pasi na kufichana, ndizo hununua nyavu mpya na madaftari ya watoto. Nyumba ya ugomvi huipoteza kazi hiyo, na jirani husita kuikopesha.

Lakini kuilinda mali hiyo, mapatano na nikaha ya dini peke yake havitoshi. Sheria ya Familia ya Msumbiji, tangu 2004, yaitambua ndoa ya dini, na ile ya 2019 yashurutisha umri wa miaka 18. Basi, ili nikaha yenu ipate utambuzi huo, nakusihi, iandikisheni ndoa yenu serikalini, ili haki yako katika chombo na nyumba isipotee mauti yakiwatenganisha.