JE, KIZURI CHAJIUZA?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika somo hili nataka tuupime msemo huo kwa sayansi ya ubongo. Siku hizi kuna wafanyabiashara wasiotosheka na kutuuliza tunapenda nini. Wao huajiri wataalamu wauchunguze ubongo wenyewe wa mnunuzi.

Chombo kimoja kinachotumika ni mashine yenye sumaku kubwa. Mtu hulala ndani yake, nayo huonyesha ni sehemu gani ya ubongo inayopelekewa damu zaidi. Sehemu inayofanya kazi ndiyo inayopata damu nyingi.

Mwaka wa 2004, Read Montague na wenzake huko Houston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la watu 67 kuhusu Coca-Cola na Pepsi. Walioonja bila kujua ni ipi waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Kikundi kingine kikapewa vikombe viwili, kimoja kina jina la Coca-Cola, kingine hakina jina. Wakakipenda zaidi chenye jina. Kumbe vyote vilikuwa na Coca-Cola! Na ndani ya mashine, picha ya mkebe wa Coca-Cola ilipotangulia soda, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu iliamka. Kwa Pepsi, jina halikuleta tofauti kubwa.

Tunajifunza nini hapa? Ulimi huonja soda, lakini ubongo huonja matangazo pia. Kwa hivyo kizuri hakijiuzi peke yake. Nacho hutembezwa, tena akilini mwetu.

Mwaka wa 2011 Ufaransa ilitunga sheria iliyoruhusu picha za ubongo kwa matibabu, utafiti wa kisayansi na kazi za mahakama tu. Biashara haikutajwa. Lakini sisi tusingoje sheria. Mwanafunzi wa kutwa ana shilingi chache za chamcha, na viatu vyake vimetoka kwa jasho la mzazi. Akimsumbua mama amnunulie viatu vya jina fulani, hebu ajiulize kwanza: kama visingeandikwa kitu, ningevitaka?

Jaribuni wenyewe, wenzangu. Nunueni biskuti za aina mbili, mtoe karatasi, mfumbe macho, mwonje. Kisha mje mtuambie chamani ni zipi zilizoshinda. Usione vyaelea, vimeundwa.