Aiskrimu ya Vanila ya Wanga Kidogo: Usiishie Kwenye Mstari wa Sukari

Gramu 100 za aiskrimu ya vanila ya kawaida zina takriban kalori 207, mafuta gramu 11 na wanga gramu 24, ambao karibu wote ni sukari. Mwenye kisukari akiziona hizo 24 hufunga friza ya duka na kwenda zake. Siku nyingine anakuta kopo lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba lina wanga gramu 4 au 5 tu, na moyo unamfunguka. Afurahi, ni haki yake. Ila asome na mistari mingine ya lebo, kwa sababu sukari ikitoka kwenye aiskrimu lazima kitu kingine kiingie mahali pake, na hicho kilichoingia ndicho kinachoamua kama kopo lile linamfaa.

Sukari kwenye aiskrimu haitii utamu tu. Inazuia pia maji ya maziwa yasigande yote kuwa barafu, ndiyo maana kijiko kinazama. Iondoe bila kuweka mbadala, na kesho yake utatoa jiwe kwenye friza. Viwanda huziba pengo hilo kwa kuongeza krimu, kwa nyuzinyuzi kama inulini, na kwa vitamu vinavyoitwa alkoholi za sukari: erithritoli, maltitoli, sorbitoli na wenzake. Jina hilo huwatia wasiwasi baadhi ya Waislamu, lakini vitu hivi havilevyi na si pombe ya kunywa. Vanila ya maji ndiyo mara nyingi huwa na pombe yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotumika kuvuta harufu kutoka kwenye ganda. Asiyeitaka anunue vanila ya ganda au ya unga.

Alkoholi za sukari hazifanani, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Erithritoli huingia kwenye damu na sehemu kubwa hutoka na mkojo bila kuunguzwa, kwa hiyo inahesabiwa kalori 0.2 kwa gramu na haipandishi sukari ya damu. Maltitoli ina kalori 2.1 kwa gramu, na sehemu yake hugeuka glukosi tumboni. Kopo linalotangaza “wanga halisi” kwa kawaida limetoa zote mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Tuseme lebo ya Marekani inasema wanga gramu 18, nyuzinyuzi 4, alkoholi za sukari 9. Mtengenezaji atatoa 4 na 9, aandike 5. Ikiwa kiungo ni erithritoli, kubaliana naye. Ikiwa ni maltitoli, toa nusu tu ya zile 9, na utabaki na gramu 9.5, karibu mara mbili ya tangazo. Kwa hiyo orodha ya viungo isomwe kabla ya namba. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani yenyewe haina tafsiri rasmi ya “wanga halisi”. Ni hesabu ya muuzaji.

Ziko tofauti mbili za lebo ambazo hazisemwi vya kutosha. Kwenye lebo ya Marekani, nyuzinyuzi zimo ndani ya jumla ya wanga, hivyo ni sawa kuzitoa. Kwenye lebo ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, nyuzinyuzi zina mstari wake na hazikuhesabiwa ndani ya wanga. Ukizitoa tena unajidanganya. Ya pili ni ujazo na uzito. Aiskrimu ina hewa nyingi iliyopigwa ndani yake. Kanuni za Marekani zinaruhusu lita moja iwe na uzito wa gramu 540 hivi tu. Namba za mililita 100 zinaweza basi kuwa nusu ya zile za gramu 100 bila chakula chenyewe kubadilika. Ukilinganisha makopo mawili, linganisha gramu kwa gramu, na nyumbani tumia mzani wa jikoni badala ya kukadiria kwa macho.

Kuhusu ile ya kutengeneza mwenyewe, nina jambo moja la kusisitiza: punguza krimu. Mapishi mengi ya wanga kidogo yanamimina krimu bila kipimo, kana kwamba maziwa ni adui. Chukua kwa mfano mililita 400 za krimu nzito, ile ya kuchapa kwa keki yenye mafuta asilimia 35 hivi, mililita 200 za maziwa, viini vinne vya mayai na gramu 90 za erithritoli. Gawa bakuli nane za gramu 95 hivi. Kila bakuli ina wanga gramu 3 ukiacha erithritoli, mafuta gramu 21 na kalori 215. Kalori hizo si pungufu ya aiskrimu ya kawaida! Na kati ya mafuta hayo, gramu 12 hivi ni yale yaliyoshiba, kama ya siagi, yanayopandisha kolesteroli mbaya, wakati lebo za Marekani zinahesabu gramu 20 kuwa kiwango cha siku nzima. Kisukari peke yake kinaongeza hatari ya moyo, kwa hiyo mgonjwa hana sababu ya kulipia sukari kwa mafuta.

Sasa geuza vipimo: krimu mililita 200, maziwa mililita 400, mengine yabaki vilevile. Wanga unapanda kwa nusu gramu tu, kufika 3.5. Mafuta yanashuka hadi gramu 13 na kalori hadi 145 hivi. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza. Itakuwa na barafu kidogo zaidi kuliko ile ya krimu nyingi. Vijiko viwili vikubwa vya unga wa maziwa yasiyo na mafuta vinasaidia kuilainisha, na vinaongeza wanga gramu 1 kwa bakuli.

Pasua ganda la vanila, kwangua mbegu, chemsha ganda na mbegu polepole pamoja na maziwa na krimu, kisha epua kabla hayajatokota. Vanila ya Uganda ina harufu nzito na inafaa sana hapa. Harufu yake hufanya ulimi uhisi utamu zaidi ya uliopo, kwa hiyo usiibane. Jihadhari na vile vipakiti vya sukari ya vanila: ni sukari hasa. Piga viini na erithritoli iliyosagwa laini, maana ya chenga huchelewa kuyeyuka. Mimina maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, rudisha kwenye moto mdogo mpaka rojo ipake mgongo wa mwiko, chuja, iache kwenye friji usiku kucha. Kama huna mashine ya aiskrimu, igandishe kwenye bakuli pana na uichape kila nusu saa. Aliye Marekani anaweza kutumia alulosi, ambayo huiacha aiskrimu laini zaidi kuliko erithritoli.

Bakuli moja inatosha. Maltitoli na sorbitoli zikizidi huleta gesi na kuharisha, hasa kwa watoto. Erithritoli ni pole kwa tumbo, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwakuta watu wenye kiwango kikubwa cha erithritoli kwenye damu wakipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Haukuthibitisha kwamba erithritoli ndiyo chanzo, na mwili wenyewe huitengeneza. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize daktari wake kabla ya kuifanya chakula cha kila siku. Zailitoli, alkoholi nyingine ya sukari, iepuke kabisa kama nyumbani kuna mbwa; kiasi kidogo kinaweza kumuua.

Anayejidunga insulini ahesabu dozi kwa bakuli iliyo mbele yake. Dozi ya aiskrimu ya kawaida juu ya hii itaishusha sukari kupita kiasi. Na sukari ikishuka, mikono ikaanza kutetemeka, aiskrimu hii haisaidii, kwa kuwa wanga wake ni mdogo na mafuta yanauchelewesha. Anywe haraka juisi au maji yenye sukari, apime tena baada ya dakika 15.