Somo: Hambaga ya kuku na mboga, ili kila mutoto apate nyama



Huku kwetu Kalunguta, kuku mara nyingi anangojea mugeni ao sikukuu. Siku akichinjwa, wakubwa wanapata mapaja, watoto wanabaki na shingo na muchuzi. Lakini ni mutoto anayekomaa ndiye anahitaji nyama zaidi. Tukiitwanga na kuichanganya na mboga, nusu kilo inatoa hambaga 10 zilizo sawa.

Vinavyohitajika
- Nyama ya kuku bila mifupa, nusu kilo
- Karoti 2, kitunguu 1, fungu dogo la lenga-lenga
- Viazi mviringo 2 vilivyochemshwa
- Yai 1, chumvi kidogo, mafuta

Namna ya kufanya
1. Osha mikono, kisu na kinu kwa maji na sabuni.
2. Kuku wa kijiji ana nyama ngumu. Ikate vidogo sana, kisha itwange.
3. Mwangia lenga-lenga maji ya moto, ikamue vizuri, uikate pamoja na karoti na kitunguu. Maji yakibaki, hambaga zitavunjika.
4. Ponda viazi, changanya vyote na yai. Viazi na yai ndivyo vinashika nyama.
5. Fanya viduara 10, unene wa kidole kimoja. Kaanga kwa mafuta kidogo na moto wa kadiri, dakika 6 hivi kila upande.
6. Vunja kimoja. Kama ndani kungali na rangi nyekundu, rudisha kwenye moto. Nyama ikitwangwa, vijidudu vya juu vinaingia mpaka katikati.

Kula na mukate, ndizi ao bugali. Mifupa usitupe: ichemshe, utapata supu. Karoti na lenga-lenga zinaleta vitamini A, na mafuta yanasaidia mwili kuipokea.

Angalisho
Kuku aliyekufa mwenyewe haliwi, hauzwi. Mufukie mbali na maji. Kideri hakina dawa ya kuponya, lakini chanjo iko. Chanja kuku wangali wazima. Kisu kilichokata nyama mbichi kioshwe mbele ya kukata mukate. Na kwa kuwa wengi hatuna frigo, pika inayotosha siku hiyo tu.

Maswali ya kikundi
- Nyumbani kwenu, nani anapewa nyama kwanza? Kwa nini?
- Ni mboga gani za shamba lako zinaweza kuingia katika hambaga hizi?
- Kuku wa kijiji chetu walichanjwa mwisho lini?