SOMO: KAHAWA YA KUCHUJA NYUMBANI



Sisi tunaoteremka sokoni Himo kutoka Kilema, Marangu na Mwika tumesomeshwa na kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na KNCU ikazaliwa mwaka 1933. Hata hivyo, katika nyumba zetu nyingi kinachonywewa asubuhi ni chai. Waonjaji huionja kahawa yetu kabla ya mnada wa Moshi, na hukumu yao hugusa bei. Je, yafaa mkulima awe wa mwisho kuijua ladha ya kahawa yake?

Kuchemsha kahawa pamoja na unga wake, kama ile ya barazani, kuna utamu wake; lakini uchungu hufunika kasoro. Kuchuja huzifunua. Njia ya kuchuja kwa karatasi ilibuniwa mwaka 1908 na mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, aliyetoboa chombo matundu na kutandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino.

Matayarisho

Twanga kahawa kavu taratibu kinuni hadi ganda jembamba litoke. Pepeta, kisha ondoa punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Kaanga kwenye kikaango kikavu, kwa moto wa kadiri, ukikoroga bila kuacha. Punje zitalia kama bisi. Zikiwa na rangi ya hudhurungi, zimwage unguoni zipoe. Zikiungua, utaonja moto, hutaonja shamba. Ziache hadi kesho yake.

Kuchuja

1. Saga ziwe chembe kama mchanga.
2. Pima gramu 15, yaani vijiko 3 vya chakula vilivyosawazishwa, kwa robo lita ya maji.
3. Tandika ndani ya faneli karatasi ya kuchujia, au kitambaa cha pamba kilichochemshwa bila sabuni. Kisuuze kwa maji ya moto.
4. Chemsha maji. Penye mwinuko wa meta 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, joto linalofaa kabisa. Yamimine mara yanapoacha kutokota.
5. Lowesha unga kwanza, usubiri nusu dakika uumuke. Kisha mimina yaliyosalia polepole kwa kuzungusha.

Kazi yote ichukue dakika 3 hadi 4. Maji yakikawia, unga ni laini mno. Yakipita mbio, chembe ni kubwa mno.

Kuonja

Onja bila sukari wala maziwa. Uchachu safi, kama wa chungwa, ni sifa ya kahawa ya milimani. Harufu ya kuvunda huonyesha kwamba kahawa ilikaa mno kabla ya kuoshwa, au mashine ya kumenyea ilikuwa chafu. Ladha ya udongo au ukungu hutokana na kuanika chini, au kurundika kabla haijakauka. Ukakasi hutokana na kuchuma matunda mabichi.

Kumbukeni kwamba kahawa mbaya ya mmoja, ikichanganywa ghalani, huteremsha bei ya wote.

Maswali ya kujadili

1. Ni kasoro gani mliyoionja, na ilianzia hatua ipi ya kazi?
2. Chama kifanye nini ili kahawa yenye kasoro isichanganywe na nzuri?

Katibu achuje kahawa za wanachama watatu bila kutaja majina, kisha mkutano uonje na kujadili.